Nondo wa Geometridae wa nchi kame: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu wa Nairobi

Ukurasa huu ni wa wale wanaotoka Nairobi kwenda Magadi, Kajiado, Samburu au Turkana, wanarudi na picha ya nondo mdogo wa rangi ya vumbi, na wanataka jina lake. Nasema mapema ili tusisumbuane: jina la spishi hupatikana mara chache kuliko mnavyotarajia. Mara nyingi tunaishia kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, na kwangu mimi jenasi yenye uhakika ni jibu kamili.

Nitajuaje kwamba nondo wangu ni wa familia ya Geometridae?

Anza na mkao. Wengi wao hutua wakiwa wametandaza mabawa bapa, yamegusa ukuta au gome, na bawa la nyuma linaonekana badala ya kufichwa na la mbele. Mwili ni mwembamba, mabawa ni mapana. Kisha tazama mistari: mara nyingi mstari unaokata bawa la mbele huendelea moja kwa moja kwenye bawa la nyuma, kana kwamba umechorwa baada ya mdudu kutua.

Sasa waondoe wanaofanana nao. Noctuidae, ambao hujaa kwenye taa ya baraza, wana kifua kinene chenye manyoya na hukunja mabawa juu ya mgongo. Crambidae ndio wanaowadanganya wengi, kwa sababu baadhi yao nao hutandaza mabawa. Hao watazame kichwani: palpi zao, yaani vijimkono viwili vya mdomoni, huchomoza mbele ya uso, na miguu ni mirefu na myembamba.

Ukiwa na mdudu mwenyewe na lenzi ya kukuza mara 10, geuza upande wa tumboni utazame mwanzo wa fumbatio, yaani sehemu ya nyuma ya mwili. Geometridae wana masikio hapo, kishimo kimoja kila upande, na kwa hayo husikia sauti za popo anayewinda. Noctuidae nao wana masikio, ila yao yako kifuani. Alama hii haiathiriwi na rangi wala uchakavu wa mabawa, ndiyo maana naipenda.

Hata hivyo, familia ni mwanzo tu. Dunia nzima ina spishi zaidi ya 23,000 za Geometridae zilizokwisha kupewa majina.

Wangu ni wa manjano hafifu, na kila bawa la mbele lina mstari mmoja wa waridi uliokata mshazari. Ni nani huyo?

Hapa una bahati. Huyo karibu kwa hakika ni Rhodometra sacraria, na ni mmoja wa nondo wachache wa nchi kame ambao naweza kuwataja kutokana na picha nzuri ya simu. Linnaeus, Mswidi aliyeanzisha mfumo wa majina ya kisayansi, ndiye aliyempa jina, mwaka 1767, na tangu hapo amepatikana karibu kote Afrika, kusini mwa Ulaya, na Asia hadi Bara Hindi.

Tazama mambo haya kwa pamoja, usichague moja. Akitandaza mabawa, kutoka ncha hadi ncha ana kama milimita 22 hadi 28. Bawa la mbele ni jembamba lenye ncha kali. Mstari ni mmoja tu, unaanzia katikati ya ukingo wa nyuma wa bawa na kupanda hadi karibu na ncha. Bawa la nyuma ni jeupe au la krimu, halina alama. Dume ana vipapasio vyenye vinyuzi pande zote mbili, na vya jike ni vyembamba.

Kuna jambo linalowachanganya watu: huyu hatui bapa kama ndugu zake. Huyainamisha mabawa pande mbili mfano wa paa, akakaa kwenye bua la nyasi kama kipande cha ua lililokauka. Kwa hiyo usimtupe nje ya Geometridae kwa sababu ya mkao. Yumo ndani, katika nusufamilia ya Sterrhinae.

Jenasi hii ina spishi nyingine barani Afrika. Picha yako ikiwa imefifia, au mstari hauonekani wote, tutaandika Rhodometra na kuishia hapo.

Lakini mimi nilimwona jikoni kwangu South B, si jangwani.

Ni sawa kabisa. Rhodometra sacraria ni msafiri. Huvumilia joto na ukame, lakini hakai mahali pamoja, na kila mwaka wako wanaofika hata Uingereza. Viwavi wake hula mimea ya familia ya Polygonaceae, kama Polygonum na Rumex, ambayo huota yenyewe kando ya mitaro na kwenye bustani zisizopaliliwa. Nairobi haijapungukiwa na mitaro. Ukipita kwenye nyasi kavu mchana anaweza kuibuka mguuni pako, akaruka hatua chache, akatua tena. Mfuate polepole, kivuli chako kisimpitie.

Picha za mtandaoni zinaonyesha wa manjano, wangu ni mwekundu-kahawia karibu bawa zima. Ni spishi nyingine?

Si lazima. Kwa Rhodometra sacraria rangi hutegemea joto alilolipata akiwa pupa. Aliyepitia joto jingi hutoka manjano safi na mstari mwembamba. Aliyepitia baridi hutoka na mstari mpana, au wekundu uliosambaa bawani. Kwa hiyo mmoja aliyekulia Magadi na mwingine aliyekulia Limuru mwezi wa Julai wanaweza kuonekana kama wageni wawili. Ndiyo maana kila anayeniandikia mimi humuuliza kwanza mahali na mwezi, rangi baadaye.

Ni nondo gani wengine wa Geometridae ninaoweza kuwakuta sehemu za ukame?

Wengi wanahusiana na migunga, na hili litakusaidia kuliko rangi yoyote. Ukijua ulisimama chini ya mti gani, orodha inapungua sana.

Jenasi ya Traminda ndiyo ninayoulizwa zaidi. Acha nieleze picha moja niliyotumiwa kutoka Olorgesailie, kwa sababu ilipigwa vizuri. Nondo alikuwa kwenye ukuta mweupe wa banda, rula pembeni, upana kama milimita 25. Rangi ilikuwa ya mchanga yenye ukijani kidogo. Bawa la mbele lilikuwa na ncha kali, na bawa la nyuma lilikuwa na pembe katikati ya ukingo wake wa nje badala ya kuwa duara. Kutoka kwenye ncha ya bawa moja ulishuka mstari ulionyooka, ukavuka hadi bawa la nyuma, ukatoka upande wa pili vilevile. Kulikuwa pia na kidoa kidogo cheusi kwenye bawa la mbele. Miti ya karibu ilikuwa Vachellia tortilis, mgunga wenye kilele bapa. Umbo la bawa na ule mstari vilitosha kusema Traminda. Mpiga picha alitaka niandike Traminda mundissima, spishi inayopatikana sehemu kame za Afrika, Uarabuni hadi India, na ambayo viwavi wake hula migunga. Yawezekana kabisa. Ila hakupiga upande wa chini wa mabawa, na nondo hawa hubadilika rangi mno, kutoka kijani hadi waridi hadi hudhurungi. Nikaandika Traminda. Alinung'unika kidogo.

Chiasmia na Isturgia ni wa kijivu na hudhurungi, wenye mistari iliyofifia, na wengi wao ni wa migunga pia. Baadhi hukunja mabawa juu ya mgongo kama vipepeo, kwa hiyo upande wa chini ndio unaoonekana kwanza. Isturgia disputaria ni mmojawapo wa wanaojulikana kutoka nchi za ukame za kaskazini mwa Afrika na Mashariki ya Kati, naye pia ni wa migunga. Kwa picha ya simu peke yake, sitaji spishi kwa hawa.

Zamarada utamtambua mara moja: mabawa yake yanapitisha mwanga, yana ukijani wa kioo, na pindo la nje ni pana la kahawia. Jenasi utaijua bila shida, lakini spishi ni kazi ngumu. Ziko zaidi ya 200, nyingi za Afrika, na mtaalamu Mwingereza D. S. Fletcher aliyezichambua mwaka 1974 alitegemea sana sehemu za uzazi, si rangi.

Wapo pia wadogo wa kijani wa nusufamilia ya Geometrinae, kama Microloxia, na wale wadogo sana wa krimu wa Scopula na Idaea. Hawa wa mwisho wananichosha, nakiri. Picha zao nazipokea, nazihifadhi, lakini usitarajie jina wiki hiyo.

Niende wapi nisiende mbali na mjini?

Jangwa halisi la Kenya ni Chalbi, kule Marsabit, na hiyo ni safari ya siku kadhaa. Kwa mtu wa Nairobi, barabara ya Magadi inatosha. Unapita Rongai na Kiserian, unavuka vilima vya Ngong, halafu barabara inateremka Bonde la Ufa. Mji uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, na Ziwa Magadi liko kama mita 600. Katika saa chache umeacha kabichi na kuingia kwenye migunga, mawe na joto. Olorgesailie, ambako watu huenda kutazama mashoka ya mawe ya kale, iko kilomita 65 hivi kutoka mjini na ina mabanda ya kulala na uwanja wa kupiga hema. Kituo hicho kiko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, basi omba ruhusa kabla ya kuwasha taa zako usiku.

Msimu gani ni mzuri?

Baada ya mvua, si wakati wa mvua wala kiangazi kikikomaa. Wadudu wengi wa ukame hungoja wakiwa pupa ardhini, kisha mvua ikinyesha migunga inachipua, viwavi wanapata majani laini, na nondo wanafuata. Kwa masika na vuli, mimi hungoja wiki mbili au tatu baada ya mvua nzuri ya kwanza. Chagua pia usiku usio na mwezi, kwa sababu mbalamwezi hupunguza sana nondo wanaokuja kwenye taa. Upepo wa Magadi nao una adabu zake. Ukivuma sana, kunja shuka ulale.

Nahitaji vifaa gani?

Shuka nyeupe ya pamba, na ya mitumba kutoka Gikomba inafaa kuliko mpya ya nailoni. Kamba mbili. Balbu ya miale ya urujuanimno, ambayo utaipata kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli, pamoja na betri ya kuiwasha. Usiitazame balbu moja kwa moja kwa muda mrefu. Tochi ya kichwani, rula, na vikopo vya plastiki vyenye vifuniko.

Tahadhari ya kweli ni inzi wa Nairobi. Jina linasema inzi, lakini ni mbawakawa mwembamba mwekundu na mweusi, na baada ya mvua huja kwenye shuka pamoja na nondo. Hang'ati. Akitua shingoni mpulize aondoke, usimponde, kwa sababu sumu iko ndani ya mwili wake na utaamka na malengelenge. Vaa mikono mirefu. Angalia pia unapokanyaga, maana nyoka nao wanajua kwamba wadudu wamekusanyika na vyura wamewafuata.

Nipige picha gani ili nisaidiwe vizuri?

Ya kwanza kutoka juu kabisa, simu ikiwa sambamba na mabawa, rula ikionekana. Ya pili ya upande wa chini, na njia rahisi ni kumfunika kwa kikopo kinachopitisha mwanga akatua ukutani mwa kikopo, ukapiga kutoka upande wa pili. Ya tatu ya kichwa na vipapasio. Ya nne ya mmea alipokuwa, jani na mwiba pamoja, maana miiba ya mgunga ndiyo inayonisaidia kuutaja mti. Usitumie vichujio vya kupendezesha picha. Nimewahi kuletewa nondo wa zambarau ambaye hayupo duniani.

Andika tarehe, mahali kwa jina linalojulikana au kwa majira ya GPS, na mwinuko ukiweza. "Njiani kwenda Turkana" ni njia ya kilomita mamia.

Je, mdudu huyu aliye kama kijiti kwenye mgunga ni kiwavi wake?

Mtazame akitembea. Viwavi wengi wa vipepeo na nondo wana jozi tano za miguu ya uongo, nne katikati ya fumbatio na moja mwishoni. Geometridae kwa kawaida wamebakiwa na jozi mbili tu, zote nyuma. Kwa hiyo kiwavi hushika kwa miguu ya mbele, hukunja mgongo juu mpaka nyuma ikutane na mbele, kisha hujinyoosha, kama fundi anayepima kitambaa kwa shubiri. Akishtuka hujisimamisha wima akishikilia kwa miguu ya nyuma, akawa kijiti.

Kumlea ndiyo njia bora ya kupata jina, na watu wa mjini wanaiweza. Weka kikopo chenye karatasi ya shashi chini, majani mabichi ya mti uleule uliomtoa, na ubadilishe kila siku. Usimpe majani ya mti mwingine ukidhani ni chakula kimoja. Akianza kuzunguka huku na huku na kukataa kula, mwekee mchanga mkavu kiasi cha vidole viwili ajizike. Kisha subira, kwa sababu pupa wa nchi kame anaweza kukaa hadi mvua nyingine. Nondo akitoka unaye mdudu, unaye mmea, na unayo picha ya kiwavi.

Programu ya simu imenipa jina la nondo wa Ulaya. Niamini?

Programu kama iNaturalist hujifunza kutokana na picha zilizowekwa na watu, na Ulaya na Marekani zina picha nyingi mno kuliko Marsabit. Ikikosa nondo wako hukupa anayefanana naye kutoka kule. Itumie kupata familia au jenasi, kisha angalia kwenye hifadhidata ya Afromoths kama spishi hiyo imewahi kuandikwa Kenya au nchi jirani. Isipokuwepo, rudi jenasi. Picha yenyewe iweke hata kama haina jina, maana iliyo na mahali na tarehe sahihi inaweza kupata mtaalamu miaka mitano baadaye.

Ni lazima nimuue ili apate jina?

Kwa Rhodometra sacraria, hapana. Kwa Zamarada, Scopula na wengi wa Chiasmia, jina la uhakika linahitaji kielelezo, yaani mdudu mwenyewe aliyehifadhiwa: fumbatio hulainishwa kwa potasiamu haidroksaidi, sehemu za uzazi hutolewa na kutazamwa kwa hadubini. Njia nyingine ni DNA. Mguu mmoja unatosha, na maabara husoma kipande cha jeni ya COI, kwa kawaida herufi 658, na kukilinganisha na vilivyokwisha kuhifadhiwa. Lakini kama hakuna aliyewahi kuisoma spishi hiyo, hakuna cha kulinganisha nacho, na kwa nondo wa nchi kame zetu hili hutokea.

Kukusanya ni jambo la vibali. Ndani ya mbuga na hifadhi usiguse bila idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Kwenye ardhi ya jamii zungumza na wazee kwanza. Kwa picha tu pia zungumza nao, mwanga wa zambarau saa nne za usiku huleta maswali.

Nikiwa na kielelezo nimpeleke wapi hapa mjini?

Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill, wana idara ya wanyama wasio na uti wa mgongo yenye mkusanyo mkubwa wa wadudu. Kasarani kuna icipe, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Andika kabla hujaenda, na usipeleke nondo aliyefungwa kwenye mfuko wa nailoni, atakuwa ameoza. Bahasha ya karatasi ndiyo inayofaa.

Nondo wangu wa kijani amegeuka manjano baada ya kukaushwa.

Rangi ya kijani ya Geometrinae huharibika kwa unyevu. Ndiyo maana ninasisitiza picha akiwa hai.

Hawa ndio wanaokula nguo kabatini?

Hapana. Wa nguo ni wa familia ya Tineidae, wadogo zaidi, na ni viwavi wao wanaokula sufu na manyoya.

Wanadhuru mimea?

Wa nchi kame hula migunga, na migunga imezoea. Aliyewahi kuleta hasara karibu na Nairobi ni ndugu yao wa mashamba, Ascotis selenaria, kiwavi mkubwa wa kahawa. Alizidi pale dawa kali za kupulizia zilipowaua maadui wake wa asili, si kabla.

Na kuna mahali ambapo ulafi wao ulitafutwa. Mgunga unaoitwa Vachellia nilotica ulipelekwa Australia ukageuka gugu kwenye malisho ya Queensland. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walichukua Chiasmia inconspicua na Chiasmia assimilis kutoka Kenya wakawaachilia huko wakaule. C. assimilis alishika makao zaidi karibu na pwani. Bara, kwenye joto kavu, hakufanya vizuri.

Kwa nini wewe unaandika Vachellia na mwongozo wangu wa miti unaandika Acacia?

Mwongozo wako ni wa zamani kidogo. Mwaka 2005 wataalamu wa mimea waliamua jina Acacia libaki kwa miti ya Australia, na uamuzi ukathibitishwa 2011, kwa hiyo migunga yetu ikagawanywa kati ya Vachellia na Senegalia. Ukiniandikia Acacia tortilis nitaelewa. Ukiniandikia "mti wa miiba", nitakuomba picha ya mwiba.